Kiatu cha Mti

"Klein..." Wubbo alianza. Kabla hajavuta pumzi, mkewe Geesje akampokonya neno mdomoni.

"Kleindochter! Mjukuu! Tumeshakuelewa, mzee. Kunywa kahawa."

Wubbo alikitua kikombe kwa hasira, kahawa ikamwagikia keki. Tangu apigwe na kiharusi, kila mtu pale kijijini Pekela amekuwa hodari wa kummalizia maneno. Leo mjukuu wake Hilje alitimiza miaka kumi na minane. Wageni wameketi duara sebuleni, na kila aingiaye huwazungukia wote akiwashika mikono na kuwapa hongera, hata jirani hasazwi. Wubbo alitaka kumwita Hilje kwa neno hilo moja, kwa kinywa chake mwenyewe, watu wakisikia. Likimshinda, aliapa moyoni, hatatia tena mguu kwenye sherehe ya mtu.

Bi Marloes, mwalimu wake wa kusema, alimfundisha kulikata neno vipande na kuligonga mezani: cha kwanza kwa nguvu, vingine kwa ulaini. Klein. Doch. Ter. Lakini Wubbo aligonga vyote sawasawa, na neno likakwama kooni.

"Leo Wubbo ana hotuba!" shemeji yake Egbert akatania. "Geesje, ongeza kahawa, tutakesha!"

Wakacheka. Wubbo aliona aibu, akageukia ukutani. Pale palitundikwa ufito wake wa zamani, na kiatu cha mti kikining'inia kwenye kamba. Enzi za kazi yake ya kufungua daraja la mfereji ili mashua zipite, alikuwa akiwarushia manahodha kiatu hicho watie humo ushuru. Unakirusha kwa nguvu, unaiacha kamba ilegee, ndipo unavuta. Ukiwa na pupa, kinaanguka majini.

Akainuka.

"Wewe, kaa! Utaanguka!"

"Bibi, hebu mwache," Hilje akasema.

Wubbo akaurusha mkono wa kushoto hewani. "Klein!"

Egbert akafungua kinywa amsaidie. Geesje akamkanyaga kidole cha mguu, machozi yakimlengalenga.

"Doch..."

Hilje akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama nahodha aliye chini ya daraja. Na babu yake akaanza kukivuta kipande cha mwisho kama kamba, taratibu, bila kukimbizwa na mtu.