Hatua Nne Kutoka Mlangoni

Mzee Makoye Budeba alikuwa na mke mmoja, ng'ombe wengi na bastola moja, na watu wa kijijini kwake, nje kidogo ya Igawa, walipenda kubishana ni kipi kati ya hivyo angekiokoa kwanza nyumba ikiwaka moto. Bastola aliinunua kwa kibali miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya majambazi kumlaza kifudifudi barabarani na kuondoka na mauzo ya mpunga wa msimu mzima. Haikuwa kibastola cha kuficha kiganjani. Ilikuwa kaliba arobaini na tano, nzito kuliko unavyodhani ukiiangalia tu, na risasi zake nene kama kidole gumba cha mtu wa jembe. Ukishafyatua moja, yenyewe inatema ganda na kujipakia nyingine.

Sasa leseni yake ilikuwa inakwisha. Afande Sosthenes wa kituoni alimwona mzee akijikwaa kwenye ngazi mbili za mlango wa ofisi, akamwambia kwa heshima zote: "Mzee wangu, safari hii niletee na barua ya mwanao. Athibitishe kwamba bado unaiweza."

Ndiyo maana binti yake Kulwa, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Soweto, Mbeya mjini, alishuka kwenye basi pale Igawa Jumamosi saa tano asubuhi, akiwa na kalamu na karatasi za mistari kwenye mkoba.

"Utaandika?" mama yake, Regina, alimwuliza jikoni, ungo wa mchele ukiwa magotini.

"Si ndicho nilichoitiwa?"

Regina alipepeta kidogo, akatupa chuya nje. "Majuzi alilikaribisha gunia."

"Gunia?"

"La mpunga, pale barazani. Nilikuwa nimelitundikia koti lake. Nasikia, 'Karibu, karibu kiti, habari za huko?' Gunia kimya. Akaniambia huyu mgeni ana kiburi."

Kulwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yake alicheka naye, kisha akaacha mapema.

"Alhamisi mchana nimetoka shamba, yeye kajilaza. Nikasimama mlangoni, jua liko mgongoni kwangu. Nikasikia chuma kinavutwa. Unaujua ule mlio. Mwanangu, niliita jina langu mwenyewe ndani ya nyumba yangu. 'Regina! Ni Regina!' Akaishusha. Nikaenda kuinjika ugali."

"Mama! Na kwenye simu umekaa kimya?"

"Kwenye simu ningesemaje, naye kakaa ubavuni kwangu?"

"Basi mimi barua siandiki."

"Usimwaibishe." Regina alisema hivyo haraka, kama mtu anayewahi kuzuia chungu kisianguke. "Tangu anioe, yeye ndiye analinda. Ukimnyang'anya kwa barua, atakaa kwenye kile kigoda asinyanyuke tena. Namjua."

Sauti ya mzee ilikuwa imeshafika uani, ikimwita Kulwa mama kwa kilugha, kama wazee wanavyowaita mabinti zao. "Mayu! Njoo uone kama baba yako kazeeka!"

Nyuma ya zizi palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Mzee Makoye alipanga juu yake makopo matatu ya mafuta ya kupikia, akapiga kelele watu wakae mbali, akamfunga binti yake kitambaa masikioni kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyokuwa akimfunga kanga ya kichwa siku za baridi.

"Anza wewe. Usiikabe hivyo, haiibiwi. Ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto anayevuka barabara. Umkazie, usimuumize."

Alisimama nyuma yake, akambeba viwiko kwa viganja viwili. Kulwa alisikia pumzi ya baba yake shingoni na harufu ya maziwa mgando. Akafyatua. Bastola ilimrusha mikono hadi usawa wa paji la uso, na udongo ukaruka kwenye kichuguu mbali kabisa na makopo.

"Umeua mchwa!" mzee alicheka. "Pacha wako Doto alipiga kopo siku ya kwanza."

"Doto alikuwa na bahati. Na alijisifu mwaka mzima."

"Lete hapa."

Mzee aliweka mguu wa kulia kwenye jiwe bapa lililozama ardhini, wa kushoto kwenye kishimo kilichochimbwa na kisigino chake mwenyewe miaka nenda rudi. Akainua mikono yote miwili. Mshindo wa kwanza, kopo la kushoto likaruka. Wa pili, la katikati. Wa tatu, la kulia. Maganda yalidondoka vumbini moja baada ya jingine, na kuku walikimbilia chini ya mkokoteni.

"Eeh?" alisema mzee, kidevu juu.

"Nimeona, baba," alisema Kulwa, na moyo wake ukatua. Labda mama alikuta tu mtu kashtuka usingizini. Nani hashtuki? Mtu asiyeona anapigaje makopo matatu kwa risasi tatu?

Akaketi barazani, akaandika. Aliandika kwamba baba yake ni mtu makini, kwamba anaitunza silaha yake, kwamba yeye kama mwanawe hana shaka. Bado alikuwa hajaweka sahihi simu ya mama yake ilipolia. Ni Ezron, mchungaji wao wa ng'ombe: Mtemi, yule dume anayetangulia kundi siku zote, alikuwa amechomwa na mwiba kwatoni, hatembei. Ezron angebaki naye kwa jirani yao Obeid; Regina aende akawatangulie ng'ombe wengine nyumbani.

"Usimwambie baba yako," Regina alinong'ona, akijitanda kitenge chake cha rangi ya udongo. "Atataka kwenda mwenyewe."

Jua lilikuwa limeanza kulegea kundi lilipotokea na vumbi lake. Mzee Makoye alikuwa kwenye kigoda langoni mwa zizi, bastola kiunoni, na Kulwa akaja kusimama karibu naye. Kila siku, tangu Kulwa akiwa mdogo, mzee aliwapokea ng'ombe kwa majina. Wenyewe hutembea kwa mpangilio ule ule. Ng'ombe ana cheo chake na hakiachii.

"Yule Mtemi," mzee alianza, akinyoosha fimbo. "Nyuma yake Askofu. Halafu Treni, na yule mwehu wake Karoti."

Kulwa alitazama mbele.

"Mtemi kanenepa," mzee aliendelea kwa raha. "Unamwona anavyotikisa nyonga? Majani ya mwaka huu yamemkubali."

Aliyekuwa mbele ya kundi, akitikisa nyonga, fimbo mkononi, alifika langoni akasimama. Ng'ombe wakajazana nyuma yake.

"Mtemi yuko kwa Obeid, ana mwiba," alisema Regina. "Mimi ni mke wako."

Kulwa alitaka kucheka, akashindwa. Fimbo ya mzee ilibaki hewani muda mrefu, kisha ikashuka polepole. Hakumtazama binti yake. Alikuwa amekaza uso kuelekea ile sauti.

"Uko mbali kiasi gani, Mama Kulwa?"

"Hatua kumi."

"Na Alhamisi, pale mlangoni?"

"Nne, Baba Kulwa."

"Nne," alisema mzee.

Akaichomoa bastola. Mtutu akauelekeza ardhini, akatoa magazini ya risasi kwa kidole gumba, akavuta chuma cha juu hadi risasi iliyokuwa tayari mtutuni ikaruka mchangani. Yote hayo aliyafanya bila kutazama. Mikono yake haikuwa na haja ya macho. Kisha akapapasa mchangani kuitafuta ile risasi, na hapo mikono haikujua pa kwenda. Regina aliinama akaiokota.

"Yale makopo," alisema mzee, "nayapanga mimi. Hata usiku ningeyapiga. Mayu, barua umeandika?"

"Nimeandika. Sijaweka sahihi."

"Chana. Andika nyingine. Uandike Makoye Budeba anairudisha kwa mkono wake, kwa hiari yake. Hiyo hiari uipigie mstari. Jumatatu tunakwenda wote watatu."

"Nitaandika, baba," alisema Kulwa. "Na kutoka hapo tunapitiliza Mbeya, macho yatazamwe."

"Tutapitiliza."

Alimpa Kulwa bastola, akampa na magazini, akabaki amekaa, viganja wazi juu ya magoti. Regina alisogea pembeni, akamsukuma kwa nyonga mpaka akampisha nusu ya kigoda, akaketi. Ng'ombe wakaanza kuingia.

"Huyu Askofu," alisema Regina.

"Najua."

"Huyu Karoti."

"Karoti gani anatangulia Treni? Unanidanganya."

"Mtemi hayupo, wamevurugana. Sikiliza basi anavyokohoa."

Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Haya," alisema. "Karoti. Nani anafuata?"