Mlima wa Pamba wa Kangle

Derick, mfanyabiashara wa majaketi kutoka Mbeya, alikuwa ameishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka tisa bila kuona theluji. Hilo halikumzuia kufungua kampuni ya kupeleka watu kwenye milima ya kaskazini, wapandishwe kileleni na gari lenye minyororo kama tingatinga, kisha washuke porini kwa skii, vile vibao vya kutelezea thelujini. Mwenye gari, Mchina waliyejuana kwa simu, alimwambia alete watu tu.

Walijiandikisha saba, wote wanunuzi wa nguo pale mtaa wa Guangyuan Xilu. Kabla ya safari aliwaita Kangle, mtaa wa washonaji, kwa mafunzo. Alikodi karakana ya mshonaji, akaegemeza mbao kwenye marobota ya vitambaa, akamwaga juu yake pamba nyeupe ya kujazia majaketi. Wakavaa skii, miwani na makofia, jasho likiwatiririka kwa joto la Novemba.

"Pinda magoti!" alifoka Derick, aliyeyajua hayo kwa video ya asubuhi ileile.

Kissa, mwenye duka Mwanza, alipinda magoti, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Haikupita saa, mchungaji wake akampongeza kwa kuushinda mlima.

Wenzake nao wakatuma zao, na kesho yake sita wakaghairi safari.

"Kaka, sisi tumeshakwenda," Kissa alimweleza bila haya. "Turudi tena kufanya nini?"

Badala yake walileta wenzao wapigwe picha. Derick akaongeza feni ya kupeperusha pamba, ikawa dhoruba, na foleni ikafika barabarani.

Kati ya wale saba alibaki Bi Hafidha wa Unguja, muuza mashuka wa miaka sitini, ambaye kila Jumapili alikwenda kimyakimya kujifunza kwenye ukumbi wa mjini wenye theluji ya kutengenezwa.

"Mwanangu, mie sitaki pamba. Ulisema kuna mlima. Nipeleke."

"Bi Hafidha, kule baridi kali, na hayo magoti yako..."

"Magoti yangu nilikukabidhi lini?"

Derick akaona aibu, wakasafiri. Gari liliposimama kileleni na mlango kufunguliwa, alitazama mteremko mweupe, akakumbatia kiti. Bi Hafidha alisema Bismillahi, akamfuata mwongozaji aliyekuja na gari, wakateleza. Alianguka mara nne, na kicheko chake kikasikika hadi bondeni.

"Wewe hushuki?" dereva aliuliza.

"Mimi ni uongozi," alijibu Derick, akavuta mlango.

Gari lilipoteremka walimkuta Bi Hafidha chini, ushungi umejaa theluji. Akamtupia Derick mkoba wake amshikie, akamwambia dereva ageuze gari, wapande tena.