Utepe Mweusi wa Papa Séverin

Matanga ya mama Rosine yalikuwa yaondolewe Jumamosi, na nguo zote nyeusi za nyumbani zilikwisha kufuliwa na kukunjwa. Ulibaki utepe mmoja tu, ule ulioizunguka kofia ya mumewe, papa Séverin. Huo hakutaka uguswe.

Émilie, binti yao, hakumsukuma. Lakini nyumba yenye matanga haipokei posa, na utepe usipotoka, wajomba zake wasingekubali kuketi na watu wa mchumba wake, Rolly. Rolly alikuwa amengoja tangu mto ulipojaa mpaka ukapungua. Siku hizi hata haulizi tena. Hilo ndilo lililomtia Émilie hofu.

"Shemeji, unataka mutoto azeekee hapa?" mama mudogo Gertrude alimrukia papa Séverin siku ya Ijumaa. "Rosine alikuwa dada yangu, nilimulilia. Lakini kofia yako inalia kutupita sisi wote!"

Papa Séverin aliendelea kusuka mtego wake wa samaki. "Nikiutoa, nitabakia na nini? Watu wataniona sawa na mutu mwenye hakuoaka hata siku moja."

Gertrude akafyonya. Émilie akaketi karibu na baba yake, akangoja mpaka alipofunga ubavu wa mtego. Ndipo akanyoosha mkono.

"Papa, lete. Ni mimi niliushonaka. Acha niufumue mimi."

Papa Séverin akaivua kofia, akampa.

Akakata nyuzi polepole kwa wembe. Utepe ulipotoka, wote watatu wakaiinamia kofia. Jua la kwenye maporomoko ya mto, alikovulia samaki, lilikuwa limeifubaza ikawa ya rangi ya mchanga, lakini pale utepe ulipokaa, kahawia ya zamani ilibaki, imeizunguka kofia nzima kama utepe mwingine.

"Ah non!" Gertrude akasema. "Watasema iko bado na matanga. Leta utepe mwekundu, tufunike."

Émilie alimtazama baba yake. Alikuwa akipitisha kidole juu ya alama ile, akizunguka nayo taratibu.

"Ni hii rangi Rosine alinichaguliaka sokoni," alisema. "Nilikuwa nimeshaisahau."

Akaivaa kofia vilevile, wazi.

"Musifunike. Matanga imetoka. Hii si matanga." Akaurudia mtego wake. "Émilie, ambia Rolly watu wake wakuje. Na wasichelewe, bon, nisije nikapandisha mahari!"

Gertrude alicheka mpaka akashika mbavu. Émilie aliuzungusha utepe mweusi kidoleni, akaenda kutafuta simu.