Jina Lilifutwa, Fundi Akabaki

Karani wa masijala alifuta majina ishirini na saba katika faili la binti wa kaka yangu. Binti mwenyewe aliyahesabu. Alifuta jina la shule, jina la mwalimu mkuu ambaye alishafariki, jina la mtaa. Alifuta hata jina la kampuni iliyotengeneza cherehani yangu. Cherehani, jamani! Sasa mtu kama huyo, mwenye kalamu nyeusi na mkono usiochoka, utamwambiaje kwamba ameniacha uchi mchana kweupe?

Lakini nianze mwanzo, maana nikiachia hasira itangulie sitafika popote.

Mimi ni fundi wa sare za shule, na duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu. Miaka kumi na mitatu iliyopita kaka yangu aliniletea binti yake nimpime sare ya darasa la nne. Mtoto huyo nilimpenda kupita kiasi. Mimi mwenyewe sikujaliwa, na yeye alikuwa akija kwangu kila siku baada ya masomo kunitungia uzi, kwa kuwa macho yangu yalishaanza kuchoka. Alikuwa mwembamba, nikamwita Sindano, na jina likamganda. Siku hiyo nilipomwambia ainue mikono nimpime kifua, akakunja uso kwa maumivu. Nikapandisha blauzi. Mgongo mzima ulikuwa na mistari ya mkanda, mingine mibichi, mingine imeshakauka.

"Baba?" nikamuuliza.

"Usimwambie mtu, shangazi. Ukisema, watanitoa nyumbani. Niahidi."

Nikamwahidi. Kesho yake asubuhi nikafunga duka, nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

Kwenda sijutii, na sitajuta. Kaka yangu alikuwa mwepesi wa hasira, na tangu mkewe aondoke pombe ilikuwa imemzidi nguvu. Afisa wa ustawi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, akaandika kila nililosema. Nikamwambia, "Mama, jina langu likitoka hapa, ukoo mzima utanitenga." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jina lako halitavuka mlango huu," akasema. "Kaa kwa amani."

Siku mbili baadaye gari la ustawi lilimchukua Sindano shuleni, likampeleka makao ya watoto. Kaka akaita kikao cha familia. Akasimama mbele yetu, macho mekundu, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Wote tukatikisa vichwa kukubali, na mimi nikatikisa cha kwangu. Kisha akatoa amri: "Atakayekanyaga kule makao, huyo nitajua ndiye aliyenichongea." Hakuna aliyekanyaga. Baada ya muda lawama zikamwangukia mwalimu wa darasa. Kaka alikwenda kumtukana mbele ya wanafunzi, na yule dada wa watu akaomba uhamisho. Nilimshonea sketi ya zawadi kabla hajaondoka, naye akanishukuru sana.

Sindano alikaa kule miaka miwili, hadi baba yake alipoacha pombe na kukubaliwa kumrudisha nyumbani. Akakua, akasoma, sasa anafanya kazi maabara hospitalini. Na katika ukoo wote, mtu wake ni mimi. Akiwa na mchumba, naambiwa mimi kwanza. Akigombana na bosi wake, analia kwangu. Niliona Mungu amenilipa. Kitu kimoja tu kilinikosesha usingizi, nacho ni hofu kwamba siku moja angejua nani aliyempeleka kule.

Basi mwaka huu ikatoka sheria: kila mwananchi anaweza kuomba faili lolote la serikali linalomhusu, na apewe. Sindano akaniambia huku akinywa chai, kama anazungumzia hali ya hewa.

"Nimeomba faili langu la ustawi, shangazi. Nataka kujua ilikuwaje."

Chai ikanipalia. "Ya nini kufukua, mwanangu? Yaliyopita si ndwele."

"Lile faili ni mimi, shangazi. Watu wamenisoma miaka yote hiyo, mwenyewe sijajisoma."

Ana haki. Lakini na mimi je? Mimi nami nimo humo.

Siku hiyo hiyo nikaenda masijala. Ni chumba chini ya ngazi, mafaili yamepangwa hadi darini, na karani mwenyewe ni mzee mpole ambaye shati lake lilikuwa limekosa kifungo cha pili. Nikamweleza shida yangu. Akacheka kwa upole, akafungua droo, akanionyesha kalamu yake nyeusi, nene kama kidole gumba.

"Mama, ondoa shaka. Wengine wakishafuta jina wanatoa karatasi ileile, mtu anaiinua juani na kusoma kila kitu. Mimi nafuta kwenye nakala, halafu ile nakala naitolea nakala nyingine. Hiyo ya pili ndiyo anayopewa mwombaji. Ainue juani, aichemshe, haoni kitu."

"Jina langu lote?"

"Majina yote. Sheria inasema majina, na mimi jina halinipiti."

Nilifurahi hadi nikatoa uzi mkobani na kumshonea kile kifungo palepale, shati likiwa mwilini.

Sindano alikuja Jumamosi iliyofuata, mchana. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, duka limejaa sketi na kaptula hadi pa kukaa hakuna. Akaondoa rundo la kola kwenye kiti, akakaa, akatoa bahasha mkobani. Salamu yake ilikuwa fupi.

"Nikusomee kidogo?" akauliza.

"Soma," nikasema. Nilikuwa napiga pindo, sikuacha.

Akasoma polepole. "'Mtoa taarifa,' hapa pamefutwa, 'ni fundi wa sare za shule. Anafanya kazi nyumbani kwake kwa cherehani aina ya,' hapa pia pamefutwa. 'Anasema aliona alama za mkanda mgongoni alipokuwa akimpima mtoto sare ya darasa la nne.'"

Cherehani ikasimama yenyewe, au ni mguu wangu uliosimama.

"Maisha yangu yote nimepimwa sare na fundi mmoja," akasema Sindano.

Hasira ikanipanda hadi nikaona kiza. "Mzee yule! Ameniambia niondoe shaka, mimi! Nimekwenda kwa miguu yangu, nimemshonea na kifungo, kumbe anakwenda kumwaga mtama penye kuku wengi! Jina amefuta, fundi kamwacha! Si bora angeacha jina na kufuta mengine yote!"

"Kumbe ulikwenda masijala."

Mdomo wangu huwa unafika kabla yangu.

"Sikuja kukulaumu kwa hilo," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyostahili. "Ningebaki pale nyumbani, baba angeniua. Nilipofika mstari huu nililia kwa furaha. Nikasema, kumbe ni yeye. Kumbe yupo mtu aliyeniona. Nilitaka nije mbio."

Moyo ukanirudi. Nikanyoosha mkono nimshike. Hakunipa wake. Aligeuza ukurasa.

"'Mtoa taarifa aliulizwa kama yuko tayari kumpokea mtoto, ili asipelekwe makao. Amekataa. Anasema hana nafasi. Ameomba isiandikwe popote kwamba aliulizwa.'"

Nililipuka tena, maana hasira ndiyo niliyokuwa nayo. Nikamlaani yule mama wa ustawi na sauti yake ya kubembeleza. Nilimwambia asiandike, akaandika hadi ombi langu la kutoandika! Mtu anakushika mkono kwa mikono miwili, kumbe moyoni ameshakuuza. Nikasema ofisi zote ni zile zile, ukiwapa siri yako ni kama umeibandika ukutani. Nikasema nimesalitiwa, na kila neno lilikuwa kweli. Sindano alisubiri nimalize. Alisubiri kwa utulivu kabisa, kama watu wa maabara wanavyosubiri majibu yatoke.

"Wakati ule ulikuwa unakaa nyumba hii hii?" akauliza.

"Hii hii."

"Na kile chumba cha nyuma?"

"Kilikuwa na majora ya vitambaa."

"Ulikuwa na nafasi, shangazi?"

Majora yale yalikuwa manne. Yangetosha chini ya kitanda changu.

"Ningekuchukua, baba yako angejua ni mimi," nikasema. "Unamjua alivyokuwa. Niliogopa, mwanangu. Nilifikiri ni wiki mbili tatu, watakurudisha. Ningejua ni miaka miwili..."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Akawa anatazama zile sketi zilizoning'inia mlangoni, za watoto wa umri wake wa wakati ule.

"Kule Jumapili ilikuwa siku ya wageni," akasema. "Watoto wanakaa kwenye benchi, wanaitwa majina, mmoja mmoja wanakwenda. Mimi siitwi. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba sina kwetu. Nikawa nawaambia, shangazi yangu hajui tu niko wapi. Siku akijua, siku hiyo hiyo atakuja kunichukua. Nilikuwa nawaapia. Miaka miwili, kila Jumapili, nawaapia."

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba na mimi niliahidiwa, na ahadi ikavunjwa. Neno lenyewe lilikataa kutoka mbele yake.

Akakusanya kurasa zake, akazisawazisha kwenye goti, akazirudisha katika bahasha. Akasimama, akalirudisha lile rundo la kola kitini kama alivyolikuta. Mlangoni akageuka, akaniaga kwa adabu, jinsi wateja wanavyoniaga.

"Haya, fundi," akasema. "Kazi njema."