Moshi wa Matairi Mtoni

Haya nilisimuliwa na Mayya, mke wa Erchim, siku tulipokuwa tukipasua barafu ya kuyeyusha maji ya kunywa, baridi hii.

Erchim alikuwa akipeleka mapipa ya mafuta kwenye machimbo ya dhahabu, lori linapita juu ya mto ulioganda. Mlango kauacha nusu wazi, kama wafanyavyo madereva wote, barafu ikipasuka mtu aruke. Mara akaona moshi mweusi mbele. Kuna mtu anachoma matairi. Injini ikizimika huku, ni moto huo au kaburi.

Kukaribia, kumbe ni Prokop!

Baridi iliyopita Aital, mdogo wake Erchim, aliharibikiwa na lori kwenye mto huo huo. Alichoma matairi yote, akamaliza, akaganda. Huku kwetu dereva hampiti mwenzake aliyekwama, hata kama ni adui yake. Lori lililopita siku ile lilikuwa moja tu, la Prokop, naye akaapa hakuona mtu.

"Erchim, mdogo wangu! Mungu kakuleta!"

"Mdogo wako nani? Siku ile ulimwona Aital?"

Prokop akatazama tairi lake la mwisho likiwaka. "Nilikuwa nimechelewa. Nikasema wa nyuma watamchukua."

"Nimekuuliza, ulimwona?"

"Alinipungia mkono."

Erchim akatia gia, akaondoka. Kwenye kioo akamwona Prokop anakimbia, anaanguka, anapunga mkono, mpaka akawa mdogo kama nzi. Moyo wake ukaburudika. Kisha akageuza lori.

"Panda. Hayo uliyoniambia utamwambia mama."

"Ee, bora uniache hapa hapa!"

"Najua. Ndiyo maana nimerudi."

Mama yao, Balbara, alimpa Prokop mchuzi wa moto, akamkalisha mahali pa Aital. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Alivaa kofia?"

"Ya mbweha, mama."

"Niliishona mimi. Haya, anza tena."

Akaanza tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka.

"Kesho nitaita majirani, uwaambie nao. Na kila mto ukiganda utakuja unisimulie. Sasa kalale. Kitanda cha Aital kile pale."

Erchim alilala kwanza. Balbara, ambaye tangu msiba alikuwa akikesha dirishani, alikoroma kama mtoto. Prokop alibaki macho kodo kwenye kitanda cha marehemu, akiwasikiliza, na kulipokaribia kupambazuka ndipo naye usingizi ukamchukua.