Filimbi ya Mgiriki

Juisi ile ilikaa mapajani mwa Salvatori kutoka Louisville mpaka Columbus, kizibo kimeshafunguliwa, naye hakuinywa hata tone. Mgiriki ndiye aliyeinunua kwenye kituo cha mafuta, akaifungua, akamnyooshea huku akitabasamu. Hakuionja. Kwao Warundi, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Asiyeonja ana lake jambo. Fides, binti yake, alikuwa ameshaimaliza yake na kujipangusa midomo.

"Kunywa, baba. Ni juisi tu."

"Naiweka."

Na alikuwa ameweka mengi moyoni. Huyu Mgiriki, Thanasis, alizuka tu mtaani kwao Newburg, kule Louisville, akawakuta vijana wakicheza mpira nyuma ya majumba ya kupanga, akasema kwamba kwao Ugiriki alikuwa mshambuliaji wa kulipwa, akaacha kwa sababu ya goti, na kwamba Fides ana kipaji. Haya! Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, Salvatori aliwaona wengi waliokuja na maneno matamu kama hayo, wakaondoka na watoto wa watu. Sasa huyu anataka kumpeleka Fides Buffalo, kwenye majaribio ya timu ya chuo. Akichaguliwa, atasomeshwa. Mama Fides alikubali papo hapo. Salvatori alikubali kwa sharti moja tu, naye apande gari. Akaomba ruhusa kule ghalani anakofanya kazi, akajaza chupa ya chai, akakaa kiti cha nyuma, macho kodo kwenye kisogo cha Mgiriki.

Kilichomkera hasa ni filimbi. Mazoezini, kila Fides alipobaki yeye na kipa, mpira katikati yao, Mgiriki alipuliza. Kila mara! Mshambuliaji gani hufundishwa kusimama anapofika golini? Salvatori hakuwa mjuzi wa kandanda, lakini mjinga hakuwa. Aliona mtu anamfunga binti yake miguu, kisha anampeleka mbele ya watu akaaibike, ili baadaye aje na shauri lake mwenyewe. Shauri gani, hakujua. Kutojua huko ndiko kulikomnyima raha.

Columbus walilala kwa shangazi yake Thanasis, mtaa wa Clintonville, bibi mchangamfu asiyekubali sahani iwe tupu. Ukutani palikuwa na picha: Thanasis kijana, jezi ya buluu, amebebwa juujuu na wenzake. Kumbe alicheza kweli! Salvatori hata hakufurahi.

"Mwulize kwa nini aliacha," alimwambia Fides.

Fides aliuliza. Thanasis alitazama meza. "Umri," alijibu.

"Newburg alisema goti. Mwambie hivyo."

"Baba, tafadhali."

Yule bibi alinyoosha kidole kwenye picha, akaanza kusema jambo. Thanasis akamkatiza kwa Kigiriki, kwa sauti ambayo hata mgeni angejua ni ya kumfunga mtu mdomo. Bibi akaenda zake jikoni. Kahawa ya Salvatori ikapoa kikombeni. Mungu wangu, alijisemea, mwanangu nimemtia mikononi mwa nani?

Mchana wa kesho yake, Buffalo, upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Salvatori alimvuta binti yake pembeni.

"Leo usimsikilize. Ukibaki na kipa, nenda."

"Amesema hivyohivyo, baba. Filimbi amenipa mimi, iko kwenye begi langu. Kasema hajiamini."

Hajiamini kwa lipi? Salvatori alisimama kando ya Mgiriki kwenye uzio, roho juu. Mara mpira mrefu ukapita katikati ya mabeki, Fides nyuma yake, na kipa akatoka mbio kumkabili. Salvatori alimtupia jicho Mgiriki. Alikuwa ameupa uwanja kisogo, vidole vimeng'ang'ania uzio, macho ameyafumba.

"Tazama!" Salvatori alimpigia kelele, kwa Kiingereza chake cha ghalani.

Hakugeuka. Kishindo kikasikika, miili miwili ikaanguka, mpira ukatinga nyavuni.

"Goli! Binti yangu kafunga!"

"Kipa," alisema Thanasis. "Ameinuka?"

"Goli, bwana!"

"Kipa ameinuka?"

Salvatori akatazama upya. Kipa alikuwa amelala chali. Fides alikuwa amepiga magoti kando yake, wala hashangilii. Kisha akampa mkono, akamvuta.

"Ameinuka," Salvatori alisema polepole.

Thanasis alishusha pumzi. "Wangu, niliyegongana naye, hakuinuka. Mpaka leo yuko kitandani, dada yake ndiye anamlisha." "Ile picha ukutani ni ya siku hiyo, ya goli lenyewe. Walinibeba, na yeye yuko chini. Mimi nacheka. Sikuwa nimejua."

Salvatori aliona haya, haya kweli kweli. Akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, mvuke ukipeperushwa na upepo. Akapiga funda moja mbele ya macho ya mwenzake, akameza, kisha akampa kwa mikono miwili.

Thanasis alikitazama kile kifuniko kilichokwisha kunywewa na mwingine. Akanywa. Filimbi ya mwamuzi ikalia, mchezo ukaanza tena, naye bado hakugeuka.

"Na sasa?" aliuliza.

"Wanakimbia," Salvatori alisema, akisogea karibu. "Binti yangu na kipa. Wote wawili."