Alama Chini ya Sifuri

Mvua zilipokosa mwaka wa pili mfululizo, maji ya bwawa yalishuka mpaka nguzo ya kupimia kina ikabaki imesimama kwenye tope kavu. Mitambo miwili kati ya mitatu ilizimwa, mgao wa umeme ukaanza. Mhandisi aliyeandaa mpango wa umeme wa miaka ishirini akatumwa akajionee mwenyewe, maana mpango wake ulisema jambo hilo haliwezi kutokea.

Alishuka asubuhi kwa miguu, viatu mkononi. Chini ya nguzo, mahali palipokuwa pa samaki, palikuwa na mwamba. Mwamba ulichorwa mistari mitatu ya rangi nyekundu, na kando ya kila mstari mwaka, na namba yenye alama ya kutoa. Mstari wa chini kabisa ulikuwa bado majini, unachezacheza kama kitu kilicho hai. Kumbe maji yaliwahi kushuka zaidi ya leo.

Alizijua namba zile. Alizifuta yeye.

Miaka tisa nyuma, akikusanya vipimo vya zamani, alizikuta kwenye madaftari ya bwawa, mwandiko umeyumbayumba. Nguzo inaanzia sifuri; chini yake mtu anasoma nini? Akawauliza wenzake, wakacheka.

"Huyo Mzee Rula, mpimaji wetu," mmoja alimwambia. "Anapima maji na anapiga maji."

Naye akacheka. Akaiondoa miaka ile mitatu, akaandika pembeni: makosa ya mpimaji. Wastani ukapanda, mpango ukampendeza kila mtu. Mwezi uliofuata mzee akaachishwa kazi.

Kutoka bwawani alienda moja kwa moja nyumbani kwa mzee. Mzee alikwisha kufa; alipokewa na mjane wake, mwanamke mwembamba, ambaye hakuuliza yeye ni nani mpaka alipokwisha kumkalisha.

"Mume wangu hakunywa hata siku moja," alisema mama yule, baada ya kusikia yote. "Mikono ndiyo ilikuwa inamtetemeka. Ugonjwa. Maji yakipita chini ya nguzo, alikuwa anaingia topeni na kamba, anapima, anapaka rangi. Mimi namshikia kopo."

"Kwa nini hakusema, mama?"

"Alisema, mwanangu. Aliandika."



Kwa majuma mawili hakulala vizuri. Kila akifumba macho, ule mstari wa chini ulikuwa unachezacheza. Aliirudisha miaka mitatu, akapiga hesabu upya. Umeme ambao bwawa lingeweza kuhakikisha kila mwaka ulipungua kwa karibu theluthi. Mkurugenzi alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Unajua unachosema hapa? Kwamba tumejenga viwanda juu ya maji ambayo hayapo."

"Najua. Na kosa ni langu, nimeandika hivyo ukurasa wa pili."

Walibishana siku tatu. Mwishowe mpango ukabadilishwa: bwawa lisibebeshwe mzigo peke yake, mitambo ya jua na ya upepo iongezwe, na maji yaanze kubanwa mapema mvua zikichelewa. Mhandisi aliondolewa kwenye uongozi wa kitengo. Hakulalamika.

Kitu kimoja alikidai: barua rasmi, yenye mhuri, kwamba vipimo vya mzee vilikuwa sahihi na kwamba hakuwa mlevi. Akaipeleka kwa mkono wake.

Mjane aliugusa mhuri kwa kidole, akamrudishia barua.

"Msomee mwenyewe," alisema, akionyesha kiti cha mbao kando ya dirisha. Kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi.

Mhandisi alidhani hakusikia vizuri. Mama yule alikuwa anamtazama tu, anangoja. Basi akageuka kuelekea kiti, akaanza kusoma.

"Paza sauti," mjane alimwambia taratibu. "Masikio yake hayakuwa mazuri."

Akapaza sauti. Akasoma mpaka mwisho, pamoja na tarehe na jina lake mwenyewe. Kisha akangoja; hakuthubutu kuwa wa kwanza kuinuka.